Mshipi wa Pili

Mjomba wangu alipigana Vita vya Kagera, akarudi nyumbani Chole mwaka 1981, na toka mwaka uliofuata hadi 2018 hakupanda chombo kwenda kuvua. Miaka 36. Msomaji wa bara huenda asione ajabu yoyote hapo, kwani wako watu wengi duniani ambao hawavui samaki na wanaishi salama. Lakini Chole ni kisiwa kidogo ndani ya ghuba, upande wa mashariki wa Mafia. Ukisimama ufukweni unaiona Utende ng'ambo, ukigeuka unaiona Juani, na katikati yote ni maji. Mwanamume wa hapa asiyekwenda baharini huwa ana sababu inayofahamika: ni mgonjwa, au mkongwe, au fundi wa kuunda vyombo, au mwalimu. Mimi ni mwalimu. Mjomba hakuwa lolote kati ya hayo. Alilima mihogo, akafua nazi za watu kwa ujira, na jioni akakaa barazani mwake akiangalia wenzake wakirudi pwani na vitoweo.

Sababu yake nayo ilifahamika kwa kila mtu, na mimi nilikuwa mmoja wa walioitangaza. Ndiyo maana naandika habari hii.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Marehemu baba alikuwa nahodha wa mashua, na siku hiyo ya mwaka 1982 alinichukua pamoja na shemeji yake, yaani huyu mjomba, ambaye alikuwa bado kijana mwenye kifua kipana na mguu mmoja wenye makovu. Bahari ilikuwa shwari kama maji ya kwenye sinia. Tulikuwa tumetia nanga ndani ya ghuba, karibu na mlango wa Kinasi, kila mtu na mshipi wake mkononi, na mjomba alikuwa akinionyesha namna ya kutega kipande cha ngisi kwenye ndoana ili samaki asikiibe. Ghafla pakalia kishindo. Hakikuwa karibu sana, lakini kilipita chini ya mashua na tukakisikia miguuni kabla ya masikioni.

"Lala chini!" mjomba akapiga kelele, na kufumba na kufumbua nilikuwa chini kabisa, uso wangu umo katika maji ya ngama na matumbo ya samaki, naye yuko juu yangu amenifunika mwili mzima. Sikumbuki alikaa hivyo muda gani. Nakumbuka moyo wake ukinigonga mgongoni. Kisha nikasikia watu wakicheka.

Ilikuwa baruti. Watu walikuwa wakivua kwa baruti nyuma ya mwamba.

Kwa wasioujua uvuvi huo, nieleze kidogo. Baruti huchukuliwa machimboni au hutengenezwa kwa mbolea na mafuta, hushindiliwa chupani, hutiwa utambi, na mvuvi huiwasha na kuitupa palipo na kundi la samaki. Akichelewa kuitupa, mkono wake huenda nayo; pwani yetu ina watu wenye mkono mmoja wasiopenda kuulizwa. Mlipuko huwapasua samaki vibofu vya hewa na kuwavunja mifupa. Baadhi huelea matumbo juu, wengi huzama wasionekane tena. Tumbawe, ambalo limejengeka kwa miaka mingi, hugeuka kokoto. Mama alikuwa akimjua samaki wa baruti kwa kumbonyeza tu: nyama imelegea, na ukimpasua, damu imevilia kwenye uti wa mgongo. Uvuvi huo umekatazwa Tanzania tangu sheria ya mwaka 1970, lakini sheria ilikaa Dar es Salaam na baruti ikakaa baharini.

Basi wenzetu walicheka, maana wao walikwisha kuzoea. Baba hakucheka. Aliyapangusa maji usoni mwangu, akampa mjomba kata ya maji ya kunywa, akavuta nanga. Lakini siku iliyofuata, mjomba alipofika pwani na mshipi wake, baba alimwambia kwa upole mkubwa, "Shemeji, pumzika kidogo kwanza." Nadhani alikuwa na nia njema. Ile "kidogo" ndiyo iliyokuwa miaka 36.

Na mimi? Mimi niliyefunikwa kwa mwili wa mtu aliyeamini kwamba bomu linatuangukia, nilikwenda shuleni nikawasimulia wenzangu. Niliigiza sauti yake. Nilijitupa mchangani. Haukupita muda watoto wa kijiji kizima walikuwa na mchezo mpya: mjomba akipita njiani na jembe lake, mmoja anapaza sauti kutoka nyuma ya mti, "Lala chini!" na sote tunaanguka kifudifudi, tunacheka mpaka machozi. Yeye hakugeuka hata mara moja. Aliendelea na njia yake, akichechemea.

Nilikua, nikasoma, nikaenda chuo cha ualimu. Ndipo nilipoanza kusoma habari za vita ile kama mtu anayesoma barua aliyokuwa amekabidhiwa zamani asiifungue. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakateka ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera, yakaua na kupora, na tarehe 3 Novemba yakalivunja daraja la Kyaka. Siku moja kabla yake Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kulitangazia taifa kwamba tutapigana. Vijana wa JWTZ, na mgambo waliotolewa mashambani na maofisini, wakapelekwa Kagera kutoka kila pembe ya nchi. Masaka ikatekwa tarehe 24 Februari 1979, Kampala tarehe 11 Aprili. Katikati ya miji hiyo miwili kuna mahali panaitwa Lukaya, ambapo barabara inapita juu ya tuta katika kinamasi cha mafunjo. Nilijua kwamba mjomba alipata makovu yake hapo. Zaidi ya hilo sikujua kitu, wala sikuuliza, kwa kuwa anayeuliza huulizwa.

Sina budi kukiri kwamba wazo la kumpeleka baharini halikuwa langu. Mwaka 2018 rafiki yangu mmoja anayefanya kazi na wageni Utende alinipa gazeti lililoachwa na mzungu. Humo niliona picha za askari wa Marekani, wengine bila miguu, wamesimama ndani ya mto na fimbo za kuvulia. Habari ilisema kwamba mwaka 2005, katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, ofisa mmoja mstaafu wa jeshi la majini alianza kuwafundisha majeruhi wa vita vya Iraki na Afghanistan kuvua, na kazi ile ikakua ikaitwa Project Healing Waters. Wanasema mtu anayetazama maji na mshipi wake hupata mapumziko ambayo hospitali haina dawa yake.

Nilikuwa likizoni. Nikaenda Chole, nikamkuta mjomba barazani. Mimi humwita mjomba, naye huniita mjomba, kama ilivyo desturi yetu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umekuja na sukari?"

Nilikuwa nayo. Baada ya chai nikamweleza habari ya wale Wamarekani. Alisikiliza kwa makini, akataka kujua chambo chao. Nikamwambia si chambo cha kweli: ni manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana yakafanana na mdudu.

"Na samaki wanamdanganya kwa manyoya?"

"Ndiyo. Halafu wakishampata, mara nyingi wanamrudisha majini."

Mjomba akaweka kikombe chini. "Wanamrudisha? Mzima?"

"Mzima."

"Basi wamekwenda kufanya nini?" akauliza, na akacheka hasa, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu utoto wangu. Nami nikaona mlango umefunguka, nikaingia. Nikamwambia kwamba Jumatano ya wiki ile, tarehe 25 Julai, ni Siku ya Mashujaa. Viongozi wataweka mkuki na ngao na mashada ya maua, baragumu litapigwa. Sisi hapa hatuna mnara. Ningependa siku hiyo mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo ambaye ndiye nahodha sasa, atuchukue sote wawili tukavue.

Kicheko kikakoma. "Mimi si shujaa," alisema. "Mashujaa wako Kaboya." Alikuwa na maana ya makaburi ya askari wetu yaliyoko wilayani Muleba. Akainuka, akaingia ndani, nikadhani nimefukuzwa. Alipotoka alikuwa na swali moja tu: "Bado wanapiga?"

Nilielewa anauliza nini. Nikamweleza kwamba Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1995, na kwamba baada ya miaka mingi ya vuta nikuvute na msako mkali wa miaka ya karibuni, vishindo vya baruti vilikuwa vimepungua sana pwani nzima. Mdogo wangu alikuwa hajasikia hata kimoja mwaka ule. Najua hifadhi haipendwi na kila mvuvi. Wako wanaosema imewafungia riziki, na wana hoja zao, lakini hapa si mahali pake. Ninachosema ni kwamba mjomba hakuwa ameogopa maji hata siku moja. Bahari ilikuwa na mabomu, yeye akaiacha.

"Nitafikiri," akasema.

Siku ya Jumatano, kabla ya saa kumi na mbili, tulimkuta amekwisha kufika pwani, ameketi juu ya nanga ya mtu. Popo walikuwa wakirudi kutoka ng'ambo, wale wakubwa wenye sura ya mbwa mdogo, wakijining'iniza mitini kwa ugomvi wao wa kila asubuhi. Alikuwa amevaa fulana ya kijani iliyofifia na kikoi kilichokunjwa. Mkononi alikuwa na mishipi miwili iliyozungushwa vibaoni, mipya yote.

Mimi nami nilikuwa nimejiandaa, na hapa nitajicheka kidogo. Nilileta mto wa kukalia. Nilileta jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa, niliyoazima Utende. Nilileta chupa ya chai na maandazi, na kofia. Nikamkalisha mjomba tezini, karibu na nahodha, mahali pa mgeni wa heshima, mto chini yake. Alikubali yote isipokuwa jaketi, ambalo alilikalia juu ya mto. Tukapandisha tanga.

Ilikuwa kusi, na nje ya Kinasi bahari ilikuwa imechafuka. Povu lilionekana kwa mbali juu ya mwamba. Ndani ya ghuba palikuwa na utulivu wa kutosha. Zilibaki siku mbili mwezi ukamilike, kwa hiyo maji yalikuwa yakielekea bamvua, yakipwa kwa kasi na kutusukuma mbele. Tulikuwa watu sita: nahodha, mabaharia vijana watatu, mjomba na mimi. Mashua ile, kama mashua zote, ilikuwa ikivuja, na kijana mmoja alikuwa ngamani na upo akifua maji. Kijana wa watu alikuwa akiyamwaga upande wa upepo, na kila upo mmoja nusu yake ilirudi ikatulowesha.

Mjomba alitazama mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akainuka kutoka kwenye mto wangu, akashuka ngamani akijishikilia kwenye mataruma, mguu wake mbaya ukiburutwa nyuma, akamwomba kijana upo.

"Mjomba, kaa," nikamwambia. "Leo ni siku yako."

"Kama ni siku yangu, niache nifanye nitakalo."

Akafua maji. Aliyamwaga upande wa chini ya upepo, kwa mkono unaokwenda bila haraka, kana kwamba aliacha jana. Nahodha akanitazama, akageuza uso. Nimefundisha methali miaka mingi, na mara nyingi nimewaandikia watoto ubaoni kwamba uende tezi, uende omo, marejeo ni ngamani, nikawaeleza maana yake kwa sauti ya mwalimu. Sikuwa nimewahi kuona mtu akiifanya mbele ya macho yangu, wala sikujua kwamba kuna anayeshuka huko kwa hiari na furaha.

Tulitia nanga mahali ambapo baba alipenda. Mjomba alitega mshipi wa kwanza, chubwi ikaenda chini, akauonja kwa kidole mpaka ukagusa. Kisha akautega ule wa pili, akautupa upande wa pili wa mashua, akaufunga kwenye taruma. Kijana mmoja akataka kuusaidia kuushika.

"Uache. Una mwenyewe."

Hakuna aliyeuliza. Wavuvi wana adabu hiyo: kila mtu anatazama maji yake. Tulipata changu, tukapata tasi kidogo, na nahodha akampandisha kolekole aliyetupigia makofi sakafuni. Mjomba hakupata kitu. Maji yalipofika mwisho wa kupwa, karibu saa tatu, mkondo ukalala, na katika ukimya ule alianza kuzungumza akiwa anatazama mshipi.

Alikuwa na mwenzake jeshini, Mkerewe, mtoto wa mvuvi wa Ziwa Viktoria. Njia nzima kutoka Kagera walibishana. Mkerewe alisema maji yenye chumvi ni maji yaliyoharibika. Alisifu sato na furu, na zaidi ya wote kamongo, samaki anayejizika katika tope ziwa likikauka na kungoja mvua. Mjomba alimwambia huyo si samaki, ni kiazi. Waliahidiana kwamba vita vikiisha, Mkerewe atakuja Chole apelekwe kuvua, aone samaki ni nini. Halafu mjomba atakwenda Ukerewe. Walipofika Lukaya na kuona kile kinamasi, Mkerewe alisema humu lazima mna kamongo.

Usiku wa tarehe 10 Machi 1979 wakashambuliwa na askari wa Amin pamoja na Walibya. Vitabu vinaeleza kwamba kikosi kilichokuwa mbele, chenye mgambo wengi, kilitawanyika usiku ule, na kwamba kesho yake wetu wakajipanga upya, wakapiga kutoka pande mbili, wakaushinda upande wa pili vibaya sana. Mjomba hakuzungumzia kesho yake. Alizungumzia usiku.

"Tulikimbia, mjomba. Watu wanasema tulirudi nyuma. Tulikimbia. Nilisikia linakuja, nikamwambia mwenzangu lala chini. Yeye akasimama kutazama. Nikamwambia tena." Akavuta mshipi kidogo, akauachia. "Mimi nililala."

Pale mashuani hapakuwa na mahali pa kuelekeza macho. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu, yale niliyoyabeba tangu chuoni. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, yalianza na "Mjomba, naomba radhi," na yalikuwa na vituo vyake. Nikaweza kusema tu, "Mjomba, ule mchezo wetu wa utotoni. Mimi ndiye niliyeuanzisha."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa nakuona. Wenzako walikuwa wanapiga magoti kwanza." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kusimulia. "Wewe ulikuwa unaanguka vizuri."

Sijui kama huo ulikuwa msamaha. Nimeugeuza usemi huo mara nyingi tangu siku ile na kila mara naona upande mwingine. Wakati ule sikupata nafasi ya kufikiri, kwa kuwa mshipi uliofungwa kwenye taruma ulikaza, ukapiga mbao, na kijana aliyekatazwa kuushika akapiga kelele. Mjomba akauvuta mwenyewe. Alikuwa chewa, si mkubwa, wa kutosha chungu cha watu watatu.

Mjomba alimtoa ndoana, akamgeuza huku na huku. "Mtu wa maji baridi," alisema, "na ananishinda kwetu."

Tuliondoka maji yalipoanza kujaa vizuri na kusi kuongeza nguvu. Katika kurudi nilikaa mimi kwenye ule mto, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine aliyeutaka.

Wakati tukipita niliyatazama magofu ya Chole, kuta za enzi za Waarabu na za Wajerumani zilizokumbatiwa na mizizi, nikakumbuka kwamba ghuba hii si ngeni kwa vita. Mwezi huo huo wa Julai, mwaka 1915, Waingereza waliokuwa wamekiteka kisiwa cha Mafia walirusha ndege kutoka kisiwani humo katika mashambulizi dhidi ya manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika mikoko ya delta ya Rufiji, na tarehe 11 wakaimaliza. Wageni huja na vitabu kuulizia habari hizo, na wengine huzijua kuliko sisi. Sijamwona hata mmoja aliyeulizia Lukaya.

Pwani samaki wakamwagwa mchangani, na nahodha akagawa. Chombo kilisamehe fungu lake siku hiyo, kwa hiyo yakawa mafungu sita. Mjomba alikuwa amechuchumaa anaosha mishipi. Hakusema neno. Alitazama tu yale mafungu, kisha akatazama mshipi wa pili, kisha akaendelea kuosha. Mdogo wangu, ambaye ni mtu wa bei na hesabu, na ambaye nimewahi kumwona akigombana na ndugu yake kwa tasi mmoja, akainama, akatoa samaki mmoja mmoja katika kila fungu, akalianzisha la saba. Juu yake akamweka yule chewa.

Niliuliza fungu lile nilipeleke wapi. Mjomba akasema lisiende popote. Vijana wakakusanya vifuu na makuti, moto ukawashwa pale pale, samaki wakachomwa, na aliyepita akapewa. Wengi waliopita walikuwa watoto. Mmoja akauliza ni karamu ya nani. Akaambiwa ni ya mgeni, akauliza mgeni yuko wapi, akapewa kichwa cha changu akanyamaza.

Jioni redio ilitangaza habari za maadhimisho ya Mashujaa. Mjomba alikuwa amelala.

Siku ya Ijumaa, tarehe 27, mwezi ukapatwa. Wengine watakumbuka: ulifunikwa wote kwa dakika 103, muda mrefu kuliko kupatwa kwingine kokote kwa karne hii, kuanzia saa nne na nusu ya usiku. Waliokwenda msikitini kusali swala ya kupatwa kwa mwezi walitoka wakakaa pwani na wengine, mwezi uko juu mwekundu kama kaa linalozimika, na popo wamechanganyikiwa kule mitini. Nilimkuta mjomba amekaa juu ya ile nanga ya mtu, mdogo wangu yuko ubavuni mwake. Nilidhani wanazungumzia mwezi. Mdogo wangu alikuwa akimwambia kwamba kesho alfajiri wanakwenda tena pale pale, na nafasi ipo.

"Kesho hapana," mjomba alisema. "Bamvua hii ni kali. Chubwi haitagusa chini, mkondo utawachukulieni mishipi yote mpaka Kinasi. Waacheni wanawake waende pweza. Ninyi ngojeni maji yalegee."

"Mpaka lini, mjomba?"

Akahesabu kwa vidole, huku ameinua uso kuutazama mwezi. "Alhamisi," akasema. "Na yule kijana afundishwe kufua maji."